Mwalimu Hayupo, Amekwenda Mbulu

Ukimpigia simu mwalimu wetu wa kwaya, ilipokelewa na mke wake. "Mwalimu hayupo, amekwenda Mbulu," ilisema sauti nyembamba, ya upole, yenye kuvuta pumzi mahali ambapo mtu mwingine asingevuta. Ukamsalimu, ukauliza habari za maharage ya ngwara shambani, ukaaga. Hapakuwa na ubaya wowote, isipokuwa mke wa mwalimu alikuwa marehemu. Tulimzika wenyewe pale Ganako, na mimi nilikuwa mmoja wa waliopika.

Aliyekuwa anapokea simu ni mwalimu mwenyewe. Mchezo huo aliuanza mwenyewe wakati mke wake yuko hai, ili kumkwepa mwenyekiti wa baraza la wazee wa usharika, mtu ambaye akikaa wiki nzima bila kuitisha kikao anaumwa. Tulidhani baada ya msiba angeona haya na kuacha. Hakuacha. Na mwenyekiti, aliyesimama kaburini akasoma wasifu wa marehemu kwa kinywa chake, akaendelea kupiga simu na kujibu kwa adabu zote, "Haya, Aayo, mwambie akirudi anitafute." Aayo ni mama kwa Kiiraqw, na ndivyo usharika mzima tulivyomwita.

Naeleza habari za sauti hiyo kwa sababu mwaka huu baraza lilinituma mimi nikamwambie mwalimu kwamba imefika mwisho. Kwenye simu walishaizoea. Walitaka iondoke kwenye kwaya, pamoja na ile pumzi yake, na yeye mwenyewe aondoke nayo.

Lazima kwanza umwone. Mwalimu ni pande la mtu, mabega ya kubebea gogo, na sauti yake ya kuongea ni nene hadi mbwa wa jirani huacha kubweka akisalimia. Koti lake la kahawia nimelijua tangu nikiwa msichana, na mfukoni lina kitana ingawa kichwa hakina nywele. Mtu huyo akisimama mbele ya kwaya, akavuta hewa, akafungua mdomo, inatoka sauti ya binti. Haimtoki kwa kujikamua. Inateleza tu, safi, juu kabisa kuliko alto zetu zote. Nimeona wageni wakitazama nyuma yake kumtafuta mwanamke anayeimba. Mchungaji mmoja mgeni aliinuka kitini akachungulia mlango wa sakristia.

Sauti hiyo ina jina lake, falseto. Mwanamume anaiacha sauti yake ya kila siku kifuani, anapanda kuimba kule juu wanakoimba wanawake. Mwalimu alilitamka neno hilo kwa kulirefusha, falseeto, na kulifuatisha na kimya kidogo ili liingie.

Kwa nini mwanamume mwenye besi ya kutikisa madirisha apande huko, hilo sikulielewa mpaka alipokuja kijana wa kinanda. Huyu ni kijana wetu, alisoma muziki mjini Arusha akarudi na kinanda cha umeme na miwani. Siku moja mwalimu alikuwa na homa, kijana akaambiwa atufundishe sisi wanawake wa sauti ya kwanza. Akatuimbia wimbo kwa sauti yake ya kiume, vizuri sana. Nasi tukaurudia palepale alipouweka, chini kabisa, wanawake wote tukinguruma kama ng'ombe wenye mafua. Akasema juu zaidi. Tukapaza sauti, palepale chini. Akabonyeza kinanda, tukakitazama. Mwisho wa jioni ile tulikuwa tumekauka koo na kijana amevua miwani.

Sisi hatukusoma nota. Tunaimba tulichosikia, na tunaimba mahali tulipokisikia. Ukitaka tuimbe juu, uwe juu wewe kwanza, na mwalimu alilijua hilo tangu zamani. Alipopona alikuja, akasikia tulichofanya, akacheka mpaka akaketi. Kisha akatupandisha wote kwa mstari mmoja tu. Na maelekezo yake yalikuwa yaleyale ya miaka yote: tuimbe kama tunamwita mtu aliye ng'ambo ya korongo na hatutaki kuvuka.

Ubaya wa kufundishwa hivyo ni kwamba tulimeza kila kitu. Mwalimu akikohoa mwishoni mwa ubeti, tulikohoa. Neno akilitamka Kiiraqw, tulilitamka Kiiraqw, hata wale Wachaga watatu walioolewa huku. Na kila penye pumzi yake katikati ya mstari, tulivuta pumzi pamoja naye, safu nzima, bila kuulizana.

Kuhusu asili ya neno falseto, mwalimu alikuwa na majibu mengi na hakuona shida kuyatumia yote. Sisi wanakwaya alituambia kwamba Falseto ni mji huko Utaliani, wanaume wa huko wote wanaimba hivyo, na wakizungumza vilevile, kwa hiyo sokoni huwezi kujua nani ni nani. Vijana wa kipaimara aliwaambia ni Kiebrania. Waliotaka kujua yeye mwenyewe aliipata wapi sauti hiyo, nao walijibiwa kulingana na siku. Mara aliipata Kansay, utotoni, akiita ng'ombe waliovuka bonde. Mara alifundishwa na mmisionari mwenye ndevu. Mara aliipata Malambo, alikokuwa mwinjilisti kabla hajaja kwetu, kwa sababu kule mwongoza wimbo wa Kimasai, anayeitwa olaranyani, anapandisha sauti juu ya wenzake wanaonguruma na hakuna anayemwuliza kama ni mwanamume.

Hili la Malambo nililipenda zaidi, na nilimwuliza mzee mmoja wa huko kama ni kweli. Akasema mwalimu alipokuwa kwao alikuwa anaimba besi, tena besi ya kupotea njia. Nilipompelekea mwalimu habari hiyo alisema yule mzee masikio yake yaliharibiwa na upepo.

Kisha dereva mmoja wa watalii, mwimbaji wetu wa sauti ya nne, akampeleka Mtaliano kule Kreta ya Ngorongoro. Gari likiwa limesimama kusubiri faru ambaye hakutokea, akamwuliza falseto ni mji gani. Mtaliano akasema si mji. Ni neno la kwao la kawaida, limetoka kwenye neno lenye maana ya uongo, likapunguzwa, kama vile mtu akisema kauongo. Sauti ya kauongo. Kwa sababu si sauti halisi ya mwanamume, ni ya kujitengenezea.

Dereva alirudi na habari hiyo kabla hajaosha gari. Kufikia Jumapili ilikuwa imefika kwa mzee mmoja wa baraza, aliyewahi kukataliwa kwenye sauti ya tatu na hakuwahi kusahau. Mzee huyo akatoa hoja kwamba katika nyumba ya Mungu, kwa miaka yote hii, sifa zimekuwa zikiongozwa na uongo, na jina lake lenyewe linakiri hivyo. Mwenyekiti, kwa furaha isiyofichika, akaitisha kikao.

Niliingia kama katibu wa kwaya, kwa hiyo nilisikia yote. Mzee alisema kwa urefu. Alinukuu amri kumi, alifikia hata Anania na Safira. Mwalimu alikaa na koti lake, akichana kichwa chake kisicho na nywele. Alipopewa nafasi alisimama, akamwuliza mzee yule, kwa ile sauti nene na kwa heshima kubwa, kama meno aliyokuwa anahutubia nayo ni yake.

Hayakuwa yake. Yalitengenezwa Arusha na kila mtu alijua, kwa kuwa yaliwahi kumtoka wakati wa Baba Yetu. Mwalimu akasema hana ugomvi na meno hayo. Yanakiri imani kila Jumapili, yanatafuna mkate wa meza ya Bwana, wala hayajaulizwa yametoka wapi. Mtu aliyepungukiwa na kitu, akajitengenezea kingine ili aendelee kula, huyo si mwongo. Akaketi. Kikao kilifungwa kwa sala iliyoongozwa na mtu mwingine, maana mzee alikuwa amefunga mdomo.

Hilo la kupungukiwa na kitu lilinipita. Nilikuwa nacheka kama wengine.

Usidhani nampaka mafuta. Mwalimu alikuwa na mambo ya kuudhi ya kutosha watu watatu. Alitukataza karanga kwa kuwa zinaziba koo, na mfukoni, chini ya kitana, alikuwa nazo. Alitukataza soda baridi, na kwenye harusi za watu alisimama karibu na friji kama mlinzi. Aliwadharau waimbaji wa sauti ya tatu waziwazi. Alisema, tena mbele yao, kwamba mtu anaimba sauti ya tatu kwa sababu amekosa uamuzi maishani. Aliwahi kusimamisha wimbo kwenye arusi, bibi arusi akiwa katikati ya kanisa, kwa sababu alto mmoja alikuwa amekaa nje ya tuni, na akatuanzisha upya, na bibi arusi akarudishwa mlangoni. Ndoa ile ilivunjika, na mama wa binti mpaka leo anamlaumu mwalimu.

Lakini mtu huyo huyo aliyewatukana sauti ya tatu ndiye aliyekuwa anakwenda kumwimbia mmoja wao alipolazwa miezi na mguu. Alikwenda kila Alhamisi, akakaa ukingoni mwa kitanda na kuimba sauti ya kwanza, ya pili na ya nne kwa zamu, ili mgonjwa aingize ya tatu. Wodi nzima ilikuwa inasubiri Alhamisi. Nilipomwuliza kwa nini anajisumbua, alisema mguu ukipona na sauti ikiwa imelala, atakuwa na kazi mara mbili.

Kwa mke wake alikuwa mtu mwingine. Aayo nilimkuta tayari ana kifua. Pumu ilimkaa miaka mingi, na vumbi la kiangazi la Karatu halina huruma na mtu wa namna hiyo. Alikuwa anakaa benchi la nyuma karibu na mlango, kwenye hewa, amejifunika shuka, na hakuimba kamwe. Sikuwahi kusikia hata mstari mmoja kutoka kwake. Mazoezi yakiendelea alituangalia sisi wa safu ya kwanza tu, na midomo yake ilikuwa inacheza. Mwalimu akimaliza kutufundisha mstari, kabla hajatuambia kama tumeweza, alitupa jicho kule mlangoni. Sisi tulidhani anaangalia kama mvua imeanza.

Sasa ile pumzi. Wimbo wetu mkubwa, ule ambao watu wa jimbo zima wanatujua kwa huo, aliutunga mwalimu kwa ajili ya sikukuu ya mavuno. Mstari wake wa kwanza unasema, "Tumekuja, Bwana, tukitoka mashambani." Ni mstari mfupi. Mtoto anaweza kuuimba kwa pumzi moja na ikabaki ya kuzimia mshumaa. Sisi tunaimba, "Tumekuja, Bwana, tukitoka masha," tunavuta pumzi, halafu, "mbani." Tumeimba hivyo tangu nilipoingia kwaya, na sikuwahi kuona kwamba kuna kitu. Kwangu mimi neno lenyewe lilikuwa na mlango katikati.

Kwenye mashindano ya jimbo, jaji kutoka mbali alituona. Alisema sauti ni nzuri, mpangilio mzuri, mavazi nadhifu, ila angependa kujua nani aliyeyapima mashamba yetu akayakata nusu. Ukumbi mzima ulicheka. Tukashushwa nyuma ya kwaya moja ya hovyo ambayo sitaitaja kwa kuwa dada yangu anaimba humo. Njiani kurudi kijana wa kinanda alimweleza mwalimu, taratibu, akichagua maneno, kwamba pumzi ile ni kosa na inaweza kurekebishwa kwa jioni moja. Mwalimu alitazama nje ya dirisha mpaka Karatu. Mwaka uliofuata tulikwenda na pumzi yetu ileile, tukashushwa tena.

Wanakwaya tulikasirika. Mimi nilikasirika kuliko wote, maana napenda kushinda. Tulisema mwalimu ni mkaidi, hataki kukosolewa na kijana aliyemwona akizaliwa. Mzee mwenye meno alipata nguvu mpya na kusema ameuona uongo sasa unavyozaa matunda.

Kitu kimoja tu kilinitia wasiwasi, na kilitokea Malambo. Tulialikwa huko kanisa jipya lilipofunguliwa, na Aayo alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Wenyeji wetu walitangulia kuimba. Wanawake wa Kimasai wamejipanga, shanga zinameta kwenye jua, na wimbo wanaouanza ni wetu, ule wa mavuno. Mwinjilisti wao alijifunza kwetu zamani akawapelekea. Wakaimba "tukitoka masha," wakavuta pumzi, wote kwa pamoja, kifua kikapanda na shanga zikapanda, wakamalizia "mbani." Watu ambao hawana hata tuta moja la mahindi, mali yao yote inatembea kwa miguu minne, wamesimama pale wanayakata mashamba ya Bwana palepale tunapoyakata sisi.

Nilibana kicheko, nikamgeukia mwalimu ili tucheke wote, kwa maana yeye huwa hakosi neno. Hakuwa amecheka. Alikuwa amesimama wima, mkono mfukoni, akiwaangalia vifua wale wanawake mpaka ningeweza kumdhania vibaya. Kisha akasema anakwenda kuangalia tairi za gari. Tairi zilikuwa nzima. Aliziangalia mpaka ibada ikaisha.

Mwaka huu, mwanzoni mwa kiangazi, sauti ikamkatika. Tulikuwa kwenye mazoezi, akavuta hewa ili atupe mstari, akafungua mdomo na hakikutoka kitu, hewa tu, kama mluzi uliopasuka. Akajaribu tena. Akakohoa, nasi kwa mazoea tukakohoa. Akajaribu mara nyingine na safari hii ilitoka ile nene, chini, tukaichukua palepale chini tukaanza kunguruma. Alinyoosha mkono kutunyamazisha. Hakuna aliyecheka, na hilo liliniogopesha, kwa sababu kwaya yetu inacheka hata kwenye mazishi. Hospitali walimwambia ni umri na vumbi, apumzishe koo. Akakaa nyumbani.

Baraza lilikutana mara moja. Kijana wa kinanda akabidhiwe kwaya, mwalimu apumzike kwa heshima, apewe blanketi. Na pumzi ile iondolewe kabla ya mashindano. Kwa kuwa mwenyekiti hakuwa na moyo wa kumwambia, na mzee mwenye meno alikuwa na moyo mno, wakanichagua mimi. Walisema namjua, na nina ulimi. Kwa kweli nilikubali upesi. Nilimhurumia, lakini nilitaka kikombe.

Nilimkuta uani anapura ngwara kwa fimbo, maganda yamemjaa kwenye koti. Alinikaribisha kwa ile sauti ya chini, imekwaruzika sasa, akaniletea kigoda. Nikauliza hali, nikauliza mazao, nikasifia paa. Nilizunguka sana. Yeye aliendelea kupura, na mwisho akasema kama baraza limeniagiza nimpe blanketi, anaomba la bluu.

Nikamwambia yote. Alisikiliza. Kuhusu kijana wa kinanda alisema ni sawa kabisa, tena amechelewa kuletwa, kiti kile cha kanisani kilikuwa kinamwua mgongo. Kijana ana sikio zuri. Atashindwa miezi michache, halafu siku moja atajaribu kupanda juu mwenyewe ili atupandishe, atasikika kama mbuzi, na tutacheka, na ataendelea. Alisema hivyo bila uchungu. Nikashusha pumzi, nikaona kazi imekuwa nyepesi. Nikamwambia basi lililobaki ni ile ya mashambani tu, itanyooshwa.

Aliweka fimbo chini.

"Hiyo siyo yangu," alisema. "Hiyo waiache."

Nikamwambia kila mtu anajua ni yake, tumeichukua kwake sote. Akaketi juu ya gunia, akapangusa maganda, akaanza kunieleza jambo ambalo hakuwahi kunieleza katika majibu yake yote, na wala hakulirefusha.

Alipotoka Malambo na kuanza kufundisha, kanisa likiwa bado la udongo, alikuwa na wanawake wachache tu. Aliwaimbia kwa besi yake, wakamfuata chini, wakanguruma, kama sisi siku ile ya kinanda. Hakujua la kufanya. Mmoja wao, siku moja, akachoka kunguruma, akaunyanyua wimbo, uleule wa mavuno, peke yake akaupeleka juu mahali pake. Wengine wakamfuata huyo. Alikuwa na pumu tangu utoto, hakuweza kuumaliza mstari, kwa hiyo alivuta pumzi palipomwishia. Wengine wakavuta naye. Mwalimu alimwoa mwaka uleule, kwa kuogopa usharika mwingine usimchukue.

"Kifua kilipomkataa kabisa," alisema, "wanawake wakarudi chini. Akalia. Basi nikamwambia, nifundishe mimi. Tulikaa hapahapa, jioni na jioni, ananong'ona, mimi napanda. Nilimfuata yeye tu. Na alipovuta, nilivuta. Nilijua nini mimi, nilidhani huko juu ndivyo kunavyoimbwa."

Nikamwuliza alijua lini kwamba sivyo. Akasema muda mrefu tu, hahitaji kinanda kumwambia. Lakini Aayo alikuwa anakaa pale mlangoni akijisikiliza, safu nzima ya wasichana wenye afya wanaimba na kifua chake. Angeanzaje kuirekebisha?

Nilikumbuka ile midomo ikicheza kwenye benchi la nyuma, na lile jicho la mwalimu tulilodhani linatafuta mvua. Nilikumbuka wanawake wa Malambo na shanga zao. Nikalia, naandika bila aibu, nikalia kwenye maganda ya ngwara, na mwalimu akanisubiri kama anavyomsubiri mwimbaji aliyepotea ubeti.

Hapo ndipo kitochi chake cha simu kikalia juu ya gunia. Alikitazama, akanionyesha. Ni mwenyekiti, bila shaka alitaka kujua kama nimeshatoboa. Mwalimu alikichukua kwa mazoea, akakipeleka sikioni, akavuta hewa, akafungua mdomo. Kikatoka kile kimluzi kilichopasuka. Akajaribu tena. Simu inaita. Niliona uso wake, na sijawahi kuuona hivyo hata siku tuliyozika. Akaninyooshea simu.

Nilijipangusa kwa kanga. Nikabonyeza, nikapanda juu kabisa, kule kwa mtu wa ng'ambo ya korongo.

"Mwalimu hayupo," nikasema. "Amekwe," nikavuta pumzi, "nda Mbulu."

Upande wa pili nilisikia kuku wa mwenyekiti. Mtu yule anamjua mwalimu, ananijua mimi, na alikuwa na habari za koo kama kila mtu.

"Habari za siku nyingi, Aayo," akasema mwishoni, polepole. Nikamwambia nzuri. Akauliza kama yule waliyemtuma amefika. Nikamwambia amefika, na mwalimu amekubali kupumzika, na blanketi liwe la bluu. Akakohoa kidogo. "Na ile pumzi, Aayo?"

"Inabaki," nikasema.

Mwenyekiti akaguna. Kisha akasema haya, atawaambia wenzake, na kikombe si chakula. Akanitakia heri, akakata.

Nikamrudishia mwalimu simu yake. Alikuwa amenigeuzia mgongo, anaokota fimbo, na ilimchukua muda kuiokota fimbo ambayo ilikuwa miguuni pake. Nilingoja aseme asante, au aseme chochote cha kumfaa mtu aliyetoka kuongea na baraza la wazee kwa niaba ya marehemu.

"Umevuta mapema," alisema kwa sauti yake nene. "Rudia."